Breki za Nyuma na Shikamoo za Shemeji

Kwa miaka mitatu shemeji yangu alikuwa akiniamkia kwa heshima, na sijawahi kupewa adhabu iliyoniuma kama hiyo.

Shemeji ninayemsema ni ndugu wa mke wangu, mdogo wake wa tumbo moja, na ni fundi wa magari. Kwa desturi yetu shemeji wa namna hiyo ni mtani wako. Akikupita njiani bila kukutukana, jua kuna jambo. Zamani alikuwa akiniona tu anauliza kwa sauti, watu wasikie, "Huyu mbuzi wa dada yangu bado hajachinjwa?" Mimi namjibu kwamba kwao hakuna mwenye kisu, waliuza vyote wakanunua ugoro. Siku niliyofiwa na baba alikuja akajilaza mlangoni, akasema maiti haitoki mpaka yeye apewe chai na mkate wa siagi. Nilicheka huku machozi yananitoka. Ndiyo kazi ya mtani hiyo.

Halafu ghafla nikawa naambiwa, "Shikamoo, shemeji." Mikono kifuani, macho chini. Nikimchokoza anatabasamu kama karani wa ofisi na kuniambia niwe na siku njema.

Kosa lilianzia kwenye gari. Mimi ni fundi cherehani, nashona barazani kwangu hapa Garsen, na nikimaliza kushona nakaa palepale. Wako watu mjini wanaodhani nilishahama. Shule niliishia kidato cha nne, na Fizikia nilipita kwa sababu niliketi nyuma ya mtu mwenye mwandiko mkubwa. Lakini baba aliniachia stesheni wagon ya zamani, kongwe kuliko ndoa yangu, nyeupe iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, na mtu wa nyumbani akiwa na gari la namna hiyo hujiona msafiri hata kama halijatoka uani.

Miaka mitatu iliyopita shemeji aliifanyia breki za nyuma. Wiki chache baadaye mto ukafurika, barabara zikakatika. Maji yalipopungua tukatoka, mimi na mke wangu, kwenda kumwona mama yake huko Ndera. Pale barabara inaposhuka kutoka kwenye tuta nikakanyaga breki na mguu ukaenda mpaka chini, kama mtu anayekanyaga uji. Nilipiga honi. Sijui honi ilikuwa isaidie nini. Tuliishia kwenye tope la kando, salama, ila beseni la mandazi alilokuwa amelipakata mke wangu likatangulia kutoka dirishani.

Mchungaji mmoja alikuwa karibu na ng'ombe wake. Akaja taratibu, akaegemea fimbo, akaanza kunijulia hali. Nyumbani wazima? Watoto? Mvua huko Garsen? Nami nikiwa nimening'inia kwenye usukani nikamjibu yote moja moja, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, nikamuuliza na ng'ombe. Tulipomaliza ndipo akasema, "Gari imekataa kusimama?" Nyuma yake ndama alikuwa anakula mandazi.

Mke wangu alishuka, akakunja leso yake, akasema, "Ndani ya hiki kitu sikai tena, hata kikiwa kimezimwa."

Jioni ileile nilikwenda gereji nikasema maneno. Niliyasema mbele ya mafundi, madereva na mwuza kahawa: huyu hapa fundi wa breki, nusura amwue dada yake. Shemeji alifuta mikono akarudi kwenye kazi yake. Kesho yake asubuhi ndipo nikapewa shikamoo ya kwanza.

Gari likavutwa hadi nyumbani, likawekwa chini ya mwarobaini, na kuku wakalichukua.

Nilirudi kwenye gari hilo kwa sababu ya kuku. Mmoja alikuwa anataga nyuma ya gurudumu la kushoto, na mwezi wa pili mwaka huu nikatambaa chini kutafuta mayai. Nikaona upande wa ndani wa gurudumu kuna doa jeusi, lenye kung'aa, vumbi limenatia juu yake kama sukari juu ya kashata. Nikaligusa. Lilikuwa zito, linanata. Nikalala pale chali, mayai mawili mkononi, nikijiuliza mafuta haya yametoka wapi na yametokaje. Na nisijifanye mwema: nilifurahi. Nikasema, huu ndio ushahidi. Nitafungua mwenyewe, nione uzembe wa shemeji kwa macho yangu, na hizo shikamoo zitakoma.

"Unafungua nini?" mke wangu aliuliza aliponiona natafuta jeki.

"Breki za nyuma."

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe ambaye bawaba ya choo imekushinda tangu Ramadhani."

Nilianza asubuhi, kabla jua halijakaa vizuri. Nikanyanyua upande wa kushoto, nikaweka mawe, nikatoa gurudumu. Chini yake kuna chombo cha chuma kama sufuria iliyofunikwa, ndiyo dramu. Breki yenyewe imo ndani. Nilidhani dramu huvutwa ikatoka. Haikutoka. Nikaivuta nimekaa, nikaivuta nimesimama, nikaiwekea mguu kama mtu anayemvua mwenzake gambuti. Mwishowe nikachukua mchi wa kinu wa mke wangu nikaigonga kandokando, polepole, nikiizungusha, na baada ya saa nzima ikalia kidogo na kuachia. Ikaniangukia mapajani. Mchi ukarudi jikoni una kutu, na hilo ni jambo jingine tulilolizungumza.

Ndani kulikuwa na udongo wa mto, laini kama poda ya mtoto. Nikaupuliza wote ukaniingia puani. Ulipotulia nikaona kazi ilivyo, na niseme ukweli, nilivutiwa. Kuna vipande viwili vya chuma vilivyopinda kama mwezi mchanga, vinatazamana, mafundi huviita viatu. Juu kati yao kuna silinda ndogo, nene kama kidole gumba. Ukikanyaga breki, mafuta yanasukuma, silinda inavitanua vile viatu, navyo vinaishika dramu kwa ndani. Ukiachia, springi zinavirudisha. Basi. Miaka yote hiyo nilikuwa nikisimamisha gari kwa viatu viwili na mafuta kiasi cha kikombe, na sikujua.

Jambo moja nilijua kwa kazi yangu: ukifumua koti la mtu, mkono mmoja fumua, wa pili uache ubaki wa kutazamia. Kwa hiyo upande wa kulia sikuugusa. Kila nilichotoa kushoto nilikipanga juu ya gunia kwa mpangilio wake, nikakichora kwa chaki ya kushonea.

Ila ushahidi ulianza kunigeuka. Nilitarajia viatu vilivyolika hadi chuma. Vilikuwa vinene, karibu vipya. Nilitarajia springi zilizofungwa kwa waya. Zilikuwa zake, kila moja kwenye tundu lake, ndoano zimetazama ndani zisikwaruze. Pini zilikuwa zimekunjwa miguu yote miwili, sawasawa. Na kwenye kila kiatu kulikuwa na alama ndogo ya rangi, nukta moja cha mbele, nukta mbili cha nyuma, kama mimi ninavyoweka alama mikono ya shati isibadilishane. Hakuna mteja anayeona alama hizo. Fundi huziweka kwa ajili yake mwenyewe. Nilikaa nikazitazama, na ile furaha ya asubuhi ikaanza kuniondoka.

Nikabaki na silinda. Nikaivua kifuniko chake cha mpira, nikaminya, ikagoma, nikaminya tena. Kilichotoka kilikuwa kizito na cheusi kama utomvu wa maganda ya korosho. Halafu vikafuata vile vipira viwili vidogo vya ndani vinavyozuia mafuta yasipite. Vilikuwa vimevimba kama kunde zilizolazwa kwenye maji, laini, kingo zimejikunja. Hata mimi wa kidato cha nne nilijua mpira haukutengenezwa uwe hivyo.

Hapo akaingia mama wa Kiorma anayetuletea maziwa. Tulisalimiana salamu zote, yeye amesimama na kibuyu chake, mimi nimekaa chini mweusi hadi viwiko. Tulipomaliza na mvua, na ng'ombe, na magoti yake, akakunja pua.

"Nini hii inanuka?"

"Mafuta ya breki, mama."

Mwanamke huyu anaweza kunusa kibuyu kilichofungwa akakwambia maziwa yamelala siku ngapi na kilifukizwa kwa mti gani. Akainama, akachukua kile kipira kwa vidole viwili, akakinusa bila haraka.

"Hii si ya gari," akasema. "Hii ya jikoni. Simsim. Zamani sana, imeharibika."

"Haiwezekani."

"Gari yako inakula wali?" Akanirudishia kipira changu, akaenda kumpimia mke wangu maziwa.

Nilibaki nimekaa kwenye gunia. Nilitaka sana kukataa, lakini pua yangu nayo ilikuwa imeshasikia, na kumbukumbu ikaja yote kwa pamoja kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango.

Wakati wa mafuriko barabara zilipokatika, maduka yalikwisha vitu. Asubuhi moja, kwa kukosa kazi, nilifungua boneti, nikaona kile kikopo cha mafuta ya breki kimepungua vidole viwili. Madukani hakuna. Nikafikiri: mafuta ni mafuta. Haya ya simsim ni masafi kuliko yale, binadamu anayala. Nikachukua chupa ya mke wangu, nikajaza mpaka kwenye mstari, nikafuta kwa kitambaa. Nakumbuka nilijisifu. Kisha nikasahau, kama mtu anavyosahau kwamba alifunga mlango. Wiki zote zile barabara imekatika, mpira wa breki ulikuwa umeketi ndani ya simsim ukinenepa. Na siku tuliyotoka, ukashindwa.

Mke wangu aliuliza mchana, "Umeona nini?"

"Kutu," nikasema.

Siku mbili nilisema kutu.

Niliagiza mipira mipya Malindi, ikaja na basi kwenye bahasha, ya breki za nyuma zote mbili na ya silinda kubwa iliyo mbele karibu na injini, kwa sababu simsim ilianzia huko. Mmoja ulikuwa wa ziada. Bado nilikuwa na tumaini dogo la kijinga kwamba mama wa maziwa amekosea. Nikakata ule wa ziada nusu mbili. Nikachukua vikombe viwili vya kahawa, kimoja nikatia simsim, kimoja mafuta halali ya breki, nikatumbukiza nusu kila kimoja, nikaviweka juu ya meza ya cherehani. Kila asubuhi kabla ya kushona nilivitazama.

"Hivyo si vikombe vya wageni?" mke wangu akauliza.

"Ni majaribio."

"Ya nini?"

"Ya Fizikia."

Akanitazama, akaenda zake.

Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya tatu nikaona kama kuna kitu, nikajiambia ni macho. Siku ya saba nilivitoa nikaviweka juu ya kipande cha kanga, bega kwa bega. Cha mafuta ya breki kilikuwa kama kilivyoingia. Cha simsim kilikuwa kimempita mwenzake kwa mwili, na nilipokiminya kilibonyea kama kidole cha mtoto.

Katika siku hizo saba nilisafisha kila kitu. Msasa ndani ya dramu mpaka ikang'aa, spiriti kwenye mirija mpaka ikatoka safi, silinda nikaisugua kwa kitambaa cha bitana. Nikarudisha mkono wa kushoto nikitazama wa kulia, kisha nikafumua wa kulia nikitazama wa kushoto. Springi moja ilinikwepa ikaruka hadi kwenye maji ya bata, na nikajifunza kwamba bata wanaweza kucheka. Nikatia mipira mipya. Nikajaza mafuta mapya, halali, ya kopo lililofungwa. Nikakaa kwenye usukani, nikakanyaga. Mguu ukazama hadi chini.

Upepo. Ndani ya mirija kuna hewa, na hewa haitoki bila watu wawili: mmoja juu anakanyaga na kushikilia, mwingine chini anafungua nati ndogo ya kutolea upepo, hewa inatoka, anafunga, ndipo wa juu aachie. Mmoja peke yake hawezi, labda awe na mkono wa kufika gurudumu la nyuma.

Nikamwendea mke wangu jikoni.

"Njoo ukae tu. Liko juu ya mawe. Halina hata magurudumu ya nyuma."

"Nilisema hata kikiwa kimezimwa."

"Sasa nimtafute nani?"

"Ndugu yangu yupo. Kazi yake ni hiyo." Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Au kutu imekuzuia?"

Nikamwambia. Nilimwambia kuanzia kikopo mpaka vikombe vya wageni, nimesimama mlangoni kama mtoto aliyetumwa. Aliacha kuchambua.

"Ile chupa," akasema, "nilisema ni panya. Niliweka mitego."

"Najua."

"Na ndugu yangu ulimwambia anataka kuniua. Mbele ya watu."

"Najua."

"Basi mbele ya watu hao hao." Akarudi kwenye mchele.

Sijui kama unaelewa maana ya kutoka nyumbani kwa mtu kama mimi. Nilioga. Nilivaa shati nililomshonea mteja ambaye hajaja kulichukua. Nikabeba vile vikombe viwili kwenye sinia, vimefunikwa, nikatembea mjini katikati ya siku, na watu wawili waliniuliza kama kuna msiba.

Gereji ilikuwa imejaa kama siku ile. Shemeji alitoka chini ya pikapu, akafuta mikono, akaiweka kifuani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba," nikasema, kwa sababu sikuwa na lingine. Nikaweka sinia juu ya tairi, nikafunua. "Nimekuja kusema kitu. Nilisema hapa hapa kwamba breki zako zilitaka kutuua. Breki zako hazikuwa na kosa. Nilifungua nikaona. Mafuriko yale mimi nilitia mafuta ya simsim kwenye breki. Mpira ukavimba. Huu hapa. Na huu ni ule usiotiwa simsim."

Shemeji alichukua kile kilichovimba, akakiminya, akakigeuza, akakilinganisha na mwenzake. Kwa muda mrefu alikuwa fundi tu.

"Umekilaza siku ngapi?"

"Saba."

"Simsim ya dukani?"

"Ya kukamua. Ya dada yako."

Dereva mmoja wa lori akasema, "Alitaka kukaanga magurudumu," na wengine wakacheka. Shemeji hakucheka.

"Miaka mitatu," akasema, "watu hapa wananiletea injini. Wananiletea gia. Breki wanapeleka gereji za Minjila."

Hilo sikulijua. Nilikuwa nimedhani nilimwumiza moyo tu. Nikashika sinia.

"Sema tena," akasema.

"Nini?"

"Mwuza kahawa alikuwa ameenda kuchota maji. Hakusikia."

Nikasema tena. Kisha akaja dereva mwingine aliyekuwa anaongeza upepo kwenye tairi, nikasema mara ya tatu, na mara hiyo nilikuwa nimekuwa hodari, hata mikono nilitumia.

"Nitakuja alasiri," shemeji akasema. "Nakuja kazini." Akarudi chini ya pikapu.

Alikuja na spana yake moja na kipande cha mpira mwembamba wa kutolea mafuta. Alimwamkia dada yake, akaniamkia mimi. Kabla ya kitu kingine alipiga magoti akatazama kazi yangu, upande huu, kisha ule, akitumia tochi. Nilisimama nyuma yake kama mtu anayesubiri matokeo. Akasukuma pini moja kwa kidole. Ikakaa palepale, naye hakuifungua.

"Ingia, shemeji," akasema. "Nikikwambia kanyaga, kanyaga. Nikikwambia shikilia, usiachie mpaka nikwambie."

Nikaingia. Akalala chini nyuma.

"Kanyaga."

Nikakanyaga.

"Shikilia." Nikasikia mafuta yanatema mate kwenye kopo. "Achia, shemeji."

Tukaenda hivyo. Kanyaga, shikilia, achia, shemeji. Upande wa kulia, kisha wa kushoto, kisha wa kulia tena. Kila mara mguu ulizama kidogo zaidi ya nilivyotaka. Kwenye kioo nilimwona mke wangu ametoka jikoni, amesimama mbali, mikono kiunoni. Nikaanza kuharakisha. Nilitaka breki iwe ngumu mguuni, kazi iishe, nimwone mke wangu usoni. Mara moja nikaachia kabla hajaniambia, na hewa yote tuliyoitoa ikarudi ikilia.

Chini spana ikaanguka. Kisha ikasikika sauti, nzito, ya mtu aliyelala chali na mafuta yamemchuruzikia kwenye sikio.

"Wewe punda wa dada yangu, nimekwambia uachie?"

Mguu ulikuwa hewani na sikujua niuweke wapi. Kule mbali mke wangu alikuwa ameziba mdomo kwa leso.

"Sijasikia," nikasema. "Umesema?"

"Nimesema punda. Punda asiye na masikio, aliyeoza kwa simsim. Kanyaga."

Nikakanyaga.